Sahani Nzuri Ni ya Nani?



Katika nyumba nyingi za hapa Siakago kuna kabati la vyombo sebuleni. Nyuma ya kioo chake zimepangwa sahani za kauri zenye maua ya bluu, birika la chai, na vikombe sita ambavyo watoto wa nyumba hiyo hawajawahi kuvinywea. Wenye nyumba wanakula katika sahani za plastiki zilizokwaruzika. Mgeni akibisha hodi, kabati linafunguliwa. Akiondoka, linafungwa tena na ufunguo unawekwa juu.

Siku hizi limeongezeka jambo lingine. Vyombo vya zamani vimekuwa fahari. Vijana wetu waliooana na kwenda kuishi Embu mjini au Nairobi wanatafuta vikombe vya bati vyenye ukingo wa bluu kama vya nyanya zao, vibuyu vya uji, vyungu, sinia za shaba, na seti za kauri za wakati wa ukoloni. Wengine wanavinunua kwenye mitumba. Wengine wanakuja nyumbani kumwomba nyanya. Hilo si baya. Lakini kabla ya kununua au kuomba, mume na mke waulizane swali moja: chombo hiki tunamchagulia nani?

KUPENDA VYA ZAMANI SI DHAMBI

Wako wanaosema kwamba kupanga vyombo vya kutazamwa ni majivuno tuliyofundishwa na Wazungu. Si kweli. Kule Lamu, katika nyumba za kale za mawe, ukuta wa ndani ulijengwa na vishubaka vidogo vinavyoitwa zidaka, na humo ziliwekwa bakuli na sahani za kauri zilizokuja kwa majahazi. Huko Gedi, karibu na Malindi, mtaalamu James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948 akakuta vyombo vingi vya Kichina katika mji uliokwisha kuhamwa zamani. Huko Mambrui liko kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Chombo kizuri kilimheshimu aliye hai na aliyekufa, tena kilimwambia mgeni kwamba nyumba hii inajua kupokea watu.

Sisi wa bara tulikuwa na njia yetu. Kibuyu hakikuwekwa nyuma ya kioo. Kilioshwa, kikafukizwa moshi, kikatumika kila siku mpaka kikawa chekundu na laini. Kilipopasuka hakikutupwa mara moja. Mama alichukua uzi na sindano akakishona, kikarudi kazini. Ukikiona kibuyu kilichoshonwa, ujue kilipendwa sana na watu waliokitumia.

Basi kuna njia mbili za kuheshimu chombo: kukitazama na kukitumia. Zote ni halali. Ubaya unaanza pale chombo kinapoheshimiwa kuliko mtu anayeishi nacho.

UGOMVI USIOHUSU SAHANI

Tuchukue mfano. Ndengu zimeuzwa na nyumbani kuna pesa kidogo. Mke anapita sokoni, anaona seti ya sahani za zamani, anainunua bila kumwambia mtu. Mume anaporudi anasema, "Mama Watoto, karo haijalipwa, nawe unaleta takataka za Mzungu aliyekufa?" Mke ananyamaza siku tatu.

Au kinyume chake. Mama mkwe amefariki, na mume ameleta nyumbani chungu cheusi na upawa uliochakaa. Mke anaona uchafu. Siku moja anasafisha jikoni, anavitupa. Mume akiuliza, anajibiwa, "Baba Watoto, si ni vitu vibovu tu?" Naye hawezi kueleza kwa nini moyo unamuuma, kwa sababu mwanamume hajazoea kulilia chungu.

Katika mifano hii miwili watu hawagombani juu ya vyombo. Mke wa kwanza huenda anatamani, baada ya miaka mingi ya plastiki, kuonwa kuwa naye anastahili kitu kizuri. Mume wa pili ameona kana kwamba mama yake ametupwa mara ya pili. Kwa hiyo nawapa shauri fupi: chombo cha zamani kisinunuliwe, kisiuzwe wala kisitupwe kabla wawili hawajaketi na kusimuliana habari yake. Mwambie mwenzako, "Nieleze kitu hiki kina nini kwako." Hata mkikubaliana kisibaki, kitaondoka kwa heshima.

JINSI YA KUCHAGUA

Mkishakubaliana, chagueni kwa akili, maana uzee wa chombo si dhamana ya uzuri wake.

Kikombe cha kauri kining'inize kwenye kidole, ukigonge polepole kwa ukucha. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti iliyokufa kina ufa, hata kama huuoni, na ufa huficha uchafu ambao sabuni haiufikii.

Sahani igeuze usome chini yake. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutumika mwaka 1891, ilidai bidhaa zinazoingia huko ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Kwa hiyo sahani yenye neno England kwa kawaida ni ya baada ya hapo. Mwuzaji akikuambia ina miaka mia mbili, tabasamu na umwombe apunguze bei.

Jihadharini na madini ya risasi. Yalitumika zamani katika rangi na mng'ao wa vyombo vya udongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Huwadhuru hasa watoto wadogo na mimba. Vyakula vichungu kama ndimu, ukwaju na nyanya huyatoa kwenye chombo upesi zaidi. Sahani ya kale ambayo hujui ilitengenezwaje, ambayo mng'ao wake umechakaa au rangi yake inabanduka, iwe ya kutundikwa ukutani, si ya kulia.

Kikombe cha bati kilichobanduka ndani kitashika kutu. Kitumieni kupandia ua. Chombo cha shaba kisichopakwa bati ndani kisiwekewe chakula kichungu. Na kibuyu kichunguzwe kwa pua: kikinuka ukungu au dawa ya mifugo, kisiingie jikoni kamwe.

Tena jambo moja kwa sisi Wakatoliki. Katika maduka ya vitu vya kale huonekana vikombe vilivyotumika altareni. Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1171, inataka vitu vitakatifu visitumiwe kwa matumizi ya kawaida hata vikiwa mikononi mwa watu binafsi. Kikombe cha namna hiyo si cha kunywea soda. Mpelekeeni padre.

BEI YA HAKI

Nyanya jirani ana chungu, kinu au kibuyu kilichoshonwa. Hajui kwamba mjini kuna watu wanaokitafuta. Wewe unajua. Ukimpa shilingi mia na kilo ya sukari, naye akakushukuru, je, umenunua au umeiba? Yeye ameridhika, utasema. Lakini ameridhika kwa sababu hajui unachokijua wewe. Mkristo asijitajirishe kwa kutojua kwa jirani. Mwambie ukweli, kisha mkubaliane. Na akisema hauzi, usirudi kesho kumsumbua.

Mjue pia kwamba sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa mali ya kale. Hakiruhusiwi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Mtu akija kununua vya nyanya zetu ili avisafirishe, mwulizeni kibali chake.

MEZANI ANAKETI NANI?

Sasa turudi kwenye kabati lile lenye ufunguo. Kumpa mgeni sahani nzuri ni desturi njema, wala sitaki iachwe. Lakini mtoto anayeona kila siku kwamba kizuri ni cha watu wa nje anajifunza kitu bila kufundishwa. Mume anayempokea chifu kwa kikombe cha kauri na kumwachia mkewe kikombe kisicho na mkono naye anasema kitu, ingawa hajafungua mdomo.

Mtaniambia, "Mwalimu, tukivitumia vitavunjika, na wajukuu hawatarithi chochote." Ni kweli vingine vitavunjika. Vile dhaifu kabisa vibaki kwenye kioo, na watoto waambiwe habari zake. Lakini vile vizima vitoeni walau Jumapili, bila mgeni yeyote, na mke awe wa kwanza kupakuliwa. Mtoto akivunja kikombe mmepoteza shilingi. Akitukanwa kwa ajili ya kikombe, anaweza kukumbuka matusi hayo mpaka naye awe na watoto.

Kumbukeni arusi ya Kana. Mitungi sita iliyojazwa maji siku ile ilikuwa mitungi ya mawe ya kutawadhia, iliyosimama mahali pake kwa kazi ya kila siku. Bwana hakuagiza mingine iletwe. Alitumia vyombo vilivyokuwa vikitumika, na waliokuwamo arusini wakashiba furaha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA USIKU HUU

1. Ni chombo gani nyumbani mwetu ambacho mmoja wetu anakipenda na mwingine hajui sababu?

2. Mara ya mwisho mimi kukuandalia wewe, mwenzi wangu, kwa sahani ya mgeni ilikuwa lini?

3. Kuna kitu tulichochukua kwa mzee kwa bei isiyo ya haki? Tutarekebishaje?

4. Tukifa, watoto wetu watagombania vyombo vyetu, au watakumbuka tulivyokula pamoja?

Msijibu yote kwa usiku mmoja. Anzeni na la pili.