Kumcheka Mama na Kucheka na Mama

Ilikuwa Jumanne asubuhi katika kijiji kimoja cha milima ya Upare. Mama mwenye umri wa miaka 81, aliyetumika kama shemasi kanisani kwake kwa miaka mingi, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe, kitambaa kichwani, Biblia na lesoni mapajani. Lesoni yenyewe ilikuwa ya robo iliyopita, lakini hilo halikumsumbua. Alimtazama binti yake aliyekuwa akisugua masufuria, akamkemea: "Unaosha vyombo siku ya Bwana? Siku ya maandalio ulikuwa wapi?"

Binti alimweleza kwamba ni Jumanne. Mama hakukubali. Binti akaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Mwishowe alikausha mikono, akaleta simu na kumwonyesha tarehe. Mama aliitazama simu kwa makini, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi hiyo simu imerudi nyuma," alisema. "Ipelekeni kwa mchungaji iombewe."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye, alipoona mwenzake anacheka, akacheka. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko kwa muda mrefu. Lakini usiku, mama alipokwisha kulala, binti alilia. Alijiuliza kama hakuwa amemcheka mzazi wake kwa sababu ya ugonjwa wake, na kama amri ya tano inaweza kuvumilia kicheko cha namna hiyo.

Ugonjwa unaomfanya mzee apoteze kumbukumbu, achanganye siku na watu, na hatimaye ashindwe hata kujivalisha, madaktari huuita demensia. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya madaktari wenzake mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyekufa baada ya miaka kadhaa ya kusahau na kuchanganyikiwa. Ugonjwa uliopewa jina la daktari huyo ndio chanzo kikuu cha demensia hadi leo. Wengi walidhani ni jambo la nchi za mbali. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2010, ulikuta kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao. Katika vijiji vingi bibi anayetangatanga usiku au kuzungumza peke yake hunong'onwa kuwa mchawi. Yeye ni mgonjwa, na ugonjwa wake uko katika ubongo. Dawa ya kuuponya haijapatikana, kwa hiyo kazi kubwa inabaki kwa wale wanaoishi naye nyumbani.

Soma Mwanzo 9:20–23. Nuhu amelewa, amelala uchi hemani mwake. Wanawe watatu wanakutana na aibu ileile ya baba yao. Hamu alifanya nini nayo, na ndugu zake walifanya nini?

Maandiko hayasemi kwamba Hamu alicheka. Yanasema aliona, akatoka, akawaambia walio nje. Siku hizi "nje" haiko mbali. Mjukuu anamwona bibi akiweka kiatu ndani ya sufuria ya ugali, anawasha kamera ya simu, na kabla maji hayajachemka ndugu walioko Dar es Salaam, Arusha na hata ng'ambo wameshaona na kutuma vikatuni vya kucheka. Huenda mjukuu huyo anampenda bibi yake sana. Huenda Hamu naye alimpenda baba yake. Lakini picha ile haina mwenye kuifunika, na bibi hakuulizwa.

Shemu na Yafethi hawakujifanya kwamba baba yao hakuwa uchi. Walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume. Watu wazima wawili wakiingia hemani kwa mgongo, wakipapasa njia, yamkini lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo kwa yeyote ambaye angewaona. Hata hivyo kichekesho hicho kiliwaangukia wao wenyewe, na mwisho wa safari yao Nuhu alikuwa amefunikwa.

Mtu anaweza kusema kwamba kipimo ni rahisi: kama mgonjwa naye anacheka, kicheko ni halali. Hakitoshi. Mgonjwa wa demensia mara nyingi hucheka kwa sababu tu wengine wanacheka, asijue kwamba yeye ndiye anayechekwa. Afadhali kuuliza mambo mawili. Je, baada ya kicheko heshima yake imefunikwa au imefunuliwa? Na je, kama angekuwa na akili zake za zamani, angecheka na kundi hili, au angeinama kwa aibu?

Kwa habari ya mama wa Upare jibu linajulikana na kila aliyewahi kukaa naye katika kikao cha Dorkasi. Alikuwa mtu wa mzaha. Aliwahi kufunga mkutano wa mashemasi uliochelewa sana kwa kumwomba Bwana awakumbushe waume zao jinsi ya kupika. Neno lake juu ya simu iliyorudi nyuma halikuwa kosa la ugonjwa ambalo binti alilicheka. Lilikuwa mzaha wake mwenyewe, ameutunga papo hapo, nao ulikuwa mzuri. Ugonjwa ulikuwa umechukua tarehe, ukaacha ucheshi. Kama binti angenyamaza kwa uso wa huzuni, angekuwa amemtendea mama yake kama mtu aliyekwisha kuondoka. Siku ile amri ya tano iliruhusu kicheko, tena huenda ilikidai.

Sara naye alicheka mara mbili. Mara ya kwanza alichekea ndani, kwa uchungu wa mwili uliozeeka, na alipoulizwa akakana (Mwanzo 18:12–15). Mara ya pili alicheka waziwazi akiwa na mtoto mikononi, akatazamia kwamba kila atakayesikia habari zake atacheka pamoja naye (Mwanzo 21:6). Jina la Isaka lenyewe lina maana ya kicheko. Inafaa kuangalia kwamba Sara hakuwa amerudi ujanani kati ya vicheko hivyo viwili. Alikuwa mzee zaidi.

Lakini iko shida nyingine, ngumu kuliko ile ya kicheko, na watunzaji wengi huifahamu. Inahusu kweli.

Kila alasiri jua linapoanza kushuka, mama huyu huuliza mume wake atarudi saa ngapi kutoka shambani. Mume alizikwa miaka 9 iliyopita. Mwanzoni binti, ambaye ni mwalimu wa shule ya Sabato na hapendi maneno yenye kona, alimjibu wazi: "Mama, baba alifariki." Mama alilia kama siku ya msiba, kwa maana kwake habari ilikuwa mpya. Kesho yake aliuliza tena, akaambiwa tena, akalia tena. Ndani ya mwezi mmoja mjane yule alifiwa zaidi ya mara ishirini. Jirani mwenye huruma akashauri: "Mwambie amekwenda mjini Same, atarudi na basi la jioni." Binti alijaribu mara moja. Mama alitulia, lakini binti hakulala usiku huo.

Siku iliyofuata swali lilipokuja, binti alisema jambo ambalo kanisa lake limelifundisha siku zote kuhusu wafu: "Baba amelala, mama."

"Amelala? Saa hizi?" Mama alikasirika kweli. "Mwamsheni! Ng'ombe hawajanywa maji."

"Yuko atakayemwamsha," binti alijibu.

"Haya. Afanye haraka." Na mama akarudi kuchambua maharage.

Binti aliingia jikoni, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, asijue kipi kilitangulia.

Soma Yohana 11:11–14. Yesu aliwaambia wanafunzi kwamba Lazaro amelala. Wao wakadhani ni usingizi wa kawaida, naye akawaambia wazi kwamba amekufa. Je, binti alisimama kwenye fungu la 11 na kulificha fungu la 14?

Pingamizi hilo ni la haki, na darasa lisiliruke. Ni kweli kwamba mama alielewa kitu kingine. Alidhani mumewe anasinzia chumbani. Yesu hakuwaacha wanafunzi katika dhana hiyo, na anayesema maneno ya kweli akijua yatasikika vibaya hawezi kujisifu upesi kwamba hakudanganya. Hata hivyo wanafunzi waliweza kulibeba neno la wazi na kwenda nalo Bethania. Mama huyu alikwisha kupewa fungu la 14 mara ishirini na zaidi. Neno halikukaa, kilichokaa ni jeraha. Binti hakusema lolote asiloliamini kwa moyo wote. Alichagua, kati ya mambo ya kweli, lile ambalo mama yake bado angeweza kulishika.

Kinyume chake kiko katika Mwanzo 27. Yakobo alitumia macho mabovu ya baba yake ili apate kitu. Alivaa ngozi, akabadili jina, akaondoka na mbaraka. Watoto wanaomshika mzee aliyechanganyikiwa mkono na kutia dole gumba lake kwenye karatasi ya kuuza shamba wanajua vizuri wanafuata nyayo za nani. Basi kabla ya kuuliza kama jibu fulani kwa mgonjwa ni uongo, ni vema kuuliza pia ni nani anayefaidika nalo. Mara nyingi, kwa kweli, jibu halihitajiki kabisa. Siku nyingine binti humrudishia mama swali: "Kwani baba akirudi anapenda kula nini?" Hapo huanza hadithi za makande, za mbuzi aliyekula barua ya posa, na za kijana mmoja aliyeanguka mtoni akiwa amevaa suti ya kuazima. Hakuna uongo uliosemwa na hakuna aliyelia.

Wengine watauliza: kuna faida gani, ikiwa baada ya nusu saa hakumbuki kwamba alicheka? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu vya kuhuzunisha, na wakati mwingine vya kufurahisha. Baada ya muda mfupi walikumbuka machache tu ya walichokiona, na baadhi hawakukumbuka lolote la filamu hizo. Lakini huzuni au furaha iliyoletwa na filamu ilikuwa bado iko. Yaani moyo ulikuwa bado umeshika kile ambacho kumbukumbu ilikwisha kukiachilia. Jambo hilo linatia faraja na kuogofya pia, kwa sababu ukali wa asubuhi nao hubaki baada ya maneno yake kusahauliwa.

Kwa Waadventista swali la kumbukumbu lina uzito wa pekee. Amri ya nne huanza kwa agizo la kukumbuka. Watoto hupongezwa kwa kusema fungu la kukariri bila kutazama. Je, yule asiyeweza tena kukumbuka yuko wapi? Juu ya mama wa Upare inaweza kusemwa kwamba anayeishika Sabato mara saba kwa juma ni vigumu kumshtaki kwa kuisahau. Lakini jibu lenyewe liko Isaya 49:15. Huko nabii anakubali kwamba hata mama anaweza kumsahau mtoto aliyemnyonyesha. Binti huyu halisomi fungu hilo kama mfano wa maneno tu. Mama yake humwita dada, humwita mpishi, na siku moja alimwuliza kama ameshalipwa mshahara. Fungu linaendelea kumtaja Mmoja asiyesahau, na huyo amewashika wote wawili, aliyesahau na aliyesahauliwa.

Hata hivyo furaha isigeuzwe kuwa mzigo mwingine juu ya mtunzaji. Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia nyimbo mwenye moyo mzito na mtu anayevua nguo wakati wa baridi. Huko Sydney, Australia, utafiti uliohusisha nyumba 35 za kutunzia wazee ulijaribu kuwapelekea wagonjwa wachekeshaji waliofunzwa. Mahangaiko ya wagonjwa yalipungua, lakini sonona haikubadilika. Kicheko husaidia mahali fulani na mahali pengine hakifiki. Mtunzaji aliyeamshwa mara nne usiku, aliyefua mashuka mawili kabla ya jua kuchomoza, haitaji kuambiwa na mgeni mwenye Sabato njema mdomoni kwamba afurahi katika Bwana. Binti wa Upare alikuwa hajaketi kanisani kwa miezi 5 kabla ya mtu kugundua. Shemasi wawili walipoanza kupokezana kukaa na mama wakati wa ibada, mmoja alirudi siku ya kwanza akiwa ameonywa vikali kwa kutoroka kanisani.

Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, binti hufungua Nyimbo za Kristo. Mama hahitaji kitabu. Yeye asiyejua kama amekula mchana huimba beti zote kwa mpangilio, tena kwa sauti ya pili, na humtupia jicho binti anapokosea. Juma moja, baada ya sala, alimtazama kwa muda mrefu, akamwuliza kwa adabu kama mtu anavyomwuliza mgeni:

"Samahani, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, mama."

"Wangu?" Alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, akaonekana kuridhika. "Kumbe nilizaa vizuri."

Walicheka wote wawili mpaka taa ikahitaji kusogezwa. Baada ya dakika chache akauliza tena.