Uwakili wa Mwili Unaougua

Soma Yohana 9:1–3. 1 Timotheo 4:8. 1 Wakorintho 6:19, 20.

Ndugu mmoja kanisani kwetu aliambiwa ana lukemia sugu, saratani ya damu inayokwenda polepole. Nilipomtembelea nilimhimiza atembee kila asubuhi, nikaongeza: "Ukizishika kanuni za afya, Bwana atauondoa ugonjwa huu." Akatembea miezi mitatu. Vipimo vya damu havikubadilika. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, ni dhambi gani nimeificha?"

Swali lake lilinihukumu mimi. Nilikuwa nimeyageuza mazoezi kuwa malipo, na Mungu kuwa mdeni. Wanafunzi walifikiri vivyo hivyo walipomwona yule kipofu, naye Yesu akawakatalia.

Je, basi, mazoezi hayana maana kwa mtu asiyetarajiwa kupona? Paulo anamwambia Timotheo kwamba kuuzoeza mwili kuna faida, ila faida hiyo ina mpaka. Tuuseme mpaka huo wazi: kutembea hakuondoi lukemia. Hiyo ni kazi ya matibabu, kama kidonge cha imatinib ambacho tangu mwaka 2001 kimewawezesha wengi wenye aina moja ya lukemia sugu kuishi miaka mingi. Anayeacha dawa kwa kuwa anatembea anajidhuru. Lakini uchovu, ambao kwa wagonjwa wengi ndio mzigo wa kila siku, mara nyingi hupungua kwa mazoezi ya kiasi, na misuli hupata nguvu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima, hata wanaoishi na magonjwa sugu, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na asiyeweza afanye kadiri awezavyo. Mgonjwa wa lukemia amwulize daktari kwanza. Mwenye wengu uliovimba aepuke michezo ya kugongana; na damu ikipungua sana, au homa ikipanda, apumzike bila kujilaumu.

Mwili ni hekalu kwa sababu Roho anakaa ndani yake na kwa sababu umenunuliwa kwa thamani. Ufa ukutani haulifanyi kuwa nyumba ya kawaida. Naye wakili hutakiwa awe mwaminifu kwa kile alichokabidhiwa, hata kikiwa kidogo. Robo saa ya kutembea ya mtu mwenye damu dhaifu yaweza kuwa uaminifu mkubwa kuliko mbio za kijana.

Nilirudi kwa ndugu yule nikamwomba radhi. Siku hizi mara mbili kwa juma tunatembea pamoja hadi sokoni na kurudi. Simwahidi kupona. Akichoka, tunakaa kivulini, tunaomba, kisha tunaendelea.

Kwa majadiliano: Je, yupo mgonjwa miongoni mwetu ambaye ushauri wetu wa afya umemwongezea mzigo wa hatia? Darasa letu litafanya nini juma hili ili kumpunguzia?