Ridhaa ya Mwenye Dhiki

Mwanamke wa huku Baray akipata fistula baada ya uchungu uliokawia, mkojo humvuja usiku na mchana na watu humkwepa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa atie dole gumba aingizwe kwenye utafiti, atakataa vipi?

Nauliza kwa sababu utafiti wa kheri upo. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya wanawake 524 wa nchi nane za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda. Baada ya kushonwa fistula isiyo ngumu, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakae na mpira wa mkojo siku 7, wengine 14. Ikaonekana siku 7 zinatosha. Kitanda cha wiki nzima kikapatikana kwa mgonjwa mwingine.

Wapo watakaosema, basi faida ipo, ridhaa ya nini? Mimi sikubali. Aliyekata tamaa ndiye wa kuulizwa mara mbili, kwa lugha anayoielewa, Kiiraqw au Kidatoga (si karatasi ya Kiingereza!), na aambiwe bayana kwamba akikataa atashonwa vilevile. Asipoambiwa hilo, dole lile limetiwa na dhiki yake. Na waliokaa siku 14 nao wana haki ya kupelekewa majibu.