Haki ya Njia: Mgeni na Baiskeli Jijini Kampala

Kampala imekaa juu ya vilima. Jadi huhesabu saba, ingawa jiji la leo limekwisha kupanda vingine vingi, na vilele vyake mashuhuri vimeshikwa na nyumba za ibada: Rubaga kanisa kuu la Wakatoliki, Namirembe la Waanglikana, Kibuli na Kampala ya Kale misikiti. Mabondeni ndimo zinamopita barabara kubwa, mfereji wa Nakivubo na vituo vya teksi, yaani mabasi madogo ambayo Wakenya huyaita matatu. Mgeni aliyekuja na baiskeli huisoma ardhi hiyo kwa mapaja yake. Ziwa Nyanza, lililo chini ya jiji, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kololo kinapita 1,300. Anayekimbia mlima hushuka bondeni akakutana na msongamano, na anayekimbia msongamano hupanda tena.

Hapo huzuka swali lililo la falsafa kabla ya kuwa la mipango miji: njia ni ya nani, na kwa hoja gani?

Jibu linalotendwa kila asubuhi ni kwamba njia ni ya mwenye uzito na mwendo. Lori humsogeza mwenye teksi, teksi humsogeza mwenye bodaboda, bodaboda humsogeza mwenye baiskeli, na huyo naye hupiga kengele ili mtembea kwa miguu ampishe. Kutangulia kufika hakumpi mtu haki. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa na baiskeli, katika miaka ya 1960, pale Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana walibeba abiria na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine wakinadi neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye zikalichukua jina pamoja na abiria.

Dini zilizokaa juu ya vilima hivyo zina jibu jingine. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad, njia ina haki zake. Aliyekaa kando ya njia anatakiwa ainamishe macho, asiudhi watu, aitikie salamu, aamrishe mema na akataze mabaya. Na kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi la imani. Yako pia mafundisho kuhusu nani aanze kusalimu: aliyepanda mnyama humsalimu anayetembea, na anayetembea humsalimu aliyeketi. Wanazuoni wameeleza hekima yake kuwa ni kumkinga aliyepanda na kiburi. Kanuni hii inageuza kabisa utaratibu wa barabarani, kwa sababu mwenye nguvu zaidi ndiye anayedaiwa kwanza. Mgeni juu ya baiskeli aifikirie mara mbili, maana mbele ya teksi yeye ni mnyonge, lakini mbele ya mama aliyebeba beseni la nyanya kichwani yeye ndiye aliyepanda.

Baganda huliita jambo hilo obuntubulamu, na Mswahili angesema utu. Huonekana katika salamu ya "gyebale", anayoambiwa mtu aliye kazini kushukuru jasho lake. Wanaostahili kuambiwa hivyo zaidi ni wachuuzi wa matoke. Mchuuzi hufunga mikungu mibichi kushoto, kulia na nyuma ya baiskeli nyeusi isiyo na gia, hadi tandiko lisionekane. Hapandi, hakuna pa kukaa. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika mti uliofungwa wima nyuma ya tandiko, naye anausukuma mzigo mlimani huku ameinama, macho yakiwa kwenye gurudumu la mbele. Akisimama ghafla, mzigo humrudisha nyuma. Kwa hiyo dereva anayemlazimisha kusimama anamwibia nguvu ambayo hawezi kumrudishia, hata kama yeye mwenyewe ameokoa nusu dakika tu. Ivan Illich, mwanafalsafa aliyekuwa padri wa Kikatoliki, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba mwendo ukipita kiwango fulani, muda anaouokoa mmoja hutoka kwa mwingine. Kwenye mteremko wa Namirembe hoja hiyo huonekana kwa macho.

Lakini utu wa dereva mmoja mmoja hautoshi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ugeni una kikomo: siku za mwanzo mtu huishi kwa hisani, kisha huingia katika kazi na haki za wenyeji. Kwa mwenye baiskeli siku hiyo ya tatu Kampala haijafika. Hata aliyezaliwa kilimani Mengo hubaki mgeni barabarani, akipita kwa sababu kuna aliyemhurumia. Huruma inaweza kunyimwa bila mtu kulaumiwa, haki haiombwi. Kumwachia mtu uhai wake kwa hisani ya wengine, hata wakiwa wema, ni kumdhulumu.

Mwaka 2012 serikali ya Uganda ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, na baadaye Mamlaka ya Jiji la Kampala ikatenga sehemu ya barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Mtaa huo unamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Kwamba hapo ndipo mnyonge wa barabarani alipopewa njia yake ni jambo linalofaa kukumbukwa.

Njia hiyo nayo huvamiwa: bodaboda hukatiza, wachuuzi hutandaza bidhaa. Hapa haki mbili hugongana, kwa kuwa anayetandaza nguo chini naye anatafuta riziki na hana pengine pa kuitafutia. Mtume alipowakataza maswahaba kukaa njiani walimjibu kwamba hawana budi, ndipo akawaambia waipe njia haki yake. Aliuona udhuru wao, lakini hakuondoa wajibu. Mwenye baiskeli anayemkuta mchuuzi juu ya mstari wake hushuka, akasalimu, akasukuma hadi kupita, kisha akapanda tena kuelekea mwisho wa njia iliyotengwa, ambako teksi zinamsubiri.