Wenzetu wana Superman, sisi tuna Ndumilakuwili

Kijana mmoja muuza chaja pale stendi ya Kibaigwa, wilayani Kongwa, alikuwa amevaa fulana yenye popo wa Batman kifuani. Nikamtania kwamba kwa jua lile popo wake angebanikika. Akacheka, kisha akatoa kauli iliyonikaa rohoni wiki nzima: "Mzee, wenzetu wana mashujaa. Sisi tuna mapimbi."

Alikuwa anamsema Pimbi wa gazeti la Sani na ukoo wake wote wa kuchorwa: Madenge mtundu wa shule, Lodi Lofa na umaskini wake wenye mbwembwe, Ndumilakuwili na hila zake. Basi lilishapiga honi, sikupata nafasi ya kumjibu. Namjibu hapa.

Tuanze na hao mashujaa wa wenzetu. Superman alizaliwa mwaka 1938, Batman mwaka uliofuata, na mpaka leo wanauzika. Huko hawakuishia kuwasoma tu. Wamewaandikia tahakiki, kitabu juu ya kitabu. Mwaka 1962 Mwitaliano Umberto Eco aliandika insha kuhusu Superman ambayo bado ina meno. Aliuliza hivi: mtu mwenye uwezo wa kuhamisha milima, kwa nini anashinda mjini kwake akikimbizana na wezi wa benki? Njaa ya dunia haigusi, dhuluma haigusi. Uovu anaoutambua ni wizi wa mali ya watu, na wema anaoutambua ni kuchangia sadaka. Nguvu zote zile, halafu kazi yake umgambo!

Haya, tumlete Kibaigwa. Hapa kubeba kizito si muujiza. Simama kidogo karibu na soko la mazao umtazame kuli anavyoinama, wenzake wawili wanamtwika gunia la mahindi shingoni, naye anaupanda ubao unaonesanesa hadi juu ya Fuso. Analiachia gunia kwa kugeuza bega, anashuka huku akifikicha vumbi machoni, anainama tena. Superman angeipakia Fuso nzima kwa mkono mmoja na kuwakosesha watu ugali. Shida yetu haijawahi kuwa uzito wa gunia. Shida ni bei yake, na bei haipigwi ngumi.

Sasa msikie dalali mmoja niliyemkuta siku hiyohiyo kando ya barabara, simu mbili mkononi. Kwenye ya kwanza alikuwa anaongea na mkulima, nadhani wa Kiteto: "Shemeji, soko limelala. Mahindi yamejaa mpaka tunayakanyaga." Akakata, akaweka ya pili sikioni: "Bosi, mzigo umeadimika. Ukichelewa leo, kesho utakuta makapi." Sauti zote mbili zilikuwa na huruma ya kutosha kumtoa mtu machozi. Batman hawezi kukusaidia kumwelewa mtu huyo. Mchoraji wa Sani, Philip Ndunguru, anaweza, maana alishamchora na kumwita Ndumilakuwili. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, lakini wachoraji wengine wakawapokea watu wake na kuendelea nao, kama vile Superman alivyopita mikono mingi baada ya waliomwanzisha.

Utaniambia huyo si shujaa, ni tapeli, na watoto watajifunza nini kwake? Swali hilo hukuliuliza kwa Sungura, na yeye tumewasimulia watoto vizazi na vizazi akimwibia Fisi mchana kweupe. Mtazame na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza kuonekana katika magazeti ya Kenya miaka ya 1950 na kudumu miongo kadhaa: juha, basi. Au Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, gazeti la chama tawala! Hakuna hata mmoja aliyeruka angani. Walichekesha kwa sababu waliishi tulikoishi, chini, penye foleni na ofisi ambazo bwana mkubwa "ametoka kidogo". Mimi nawaona wakubwa kuliko popo wa fulana.

Siwapaki mafuta. Wanawake wa katuni zile wengi walichorwa makalio kwanza, akili baadaye kama nafasi ilibaki. Mtu wa shamba naye alichekwa kana kwamba ugali wa Dar es Salaam huota Kariakoo. Hayo yanahitaji mtu wa kuyasema kwa ushahidi, ukurasa kwa ukurasa. Baadhi ya walioketi kuzisoma katuni za Kiswahili kwa makini ni watafiti kama Rose Marie Beck na Jigal Beez, wakaandikia vyuo vya Ulaya, wakati sisi nakala zetu tulifungia karanga. Na wilaya hii ya Kongwa hatukosi karanga.

Kwa hiyo pengo letu si la shujaa, ni la mhakiki. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko njia hiihii. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu azisake Sani kuukuu kwa wazee wetu, azipange kwa miaka. Aangalie Ndumilakuwili alimlia nani enzi za foleni za sukari, na alimlia nani baada ya 1985, Mzee Mwinyi alipoingia madarakani, vitu vikajaa madukani na pesa ikawa ndiyo haionekani. Msimamizi akimwambia katuni si fasihi, abadili msimamizi.