Kimya cha Mashine na Swali la Kelele

Kompyuta huleta kimya kwa kuongeza sauti. Maikrofoni hunasa kelele, programu huligeuza wimbi lake ili kilele kiwe bonde, kisha spika hulitoa. Mawimbi hayo mawili yakifika sikioni kwa pamoja, hufutana. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo hilo nchini Marekani mwaka 1936.

Ugumu wake ni muda. Mngurumo wa Hezi 100 humaliza wimbi moja kwa milisekunde 10. Kompyuta ya nyumbani ikipima sauti mara 48,000 kwa sekunde na kuishughulikia kwa mafungu ya vipimo 256, kulisubiri fungu moja tu huchukua milisekunde 5 na ushei. Huko ni kuchelewa nusu wimbi, na wimbi lililotumwa kufuta huongeza. Kwa hiyo mngurumo usiobadilika hubashirika na kufutika, lakini mlango ukibamizwa ghafla mashine haiuwahi. Tena kimya hicho huwa mahali pamoja: aliyekaa hatua chache pembeni huisikia kelele ileile, pengine kwa nguvu zaidi.

Je, kelele ni nini? Fizikia haiitofautishi na sala, kwani zote ni mitetemo ya hewa. Anayetenganisha ni binadamu. Hata programu za kusafisha rekodi hufunzwa kwa mifano ambayo watu wameshaiteua: hii ibaki, ile iondoke.

Uzito wa uteuzi huo huonekana katika slufay, maombi ya Wairaqw wa Mbulu na Hanang. Mzee hutamka baraka, na waliohudhuria humwitikia. Programu inayolinda sauti ya msemaji mmoja inaweza kuufifisha mwitikio kana kwamba ni uvumi wa nyuma. Rekodi itakuwa safi, ila ombi la jamii litakuwa limegeuzwa hotuba ya mtu mmoja.

Dini nazo hazikungoja dunia inyamaze. Katika Biblia, Eliya mlimani Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto kabla ya kuisikia sauti ya upole. Katika Uislamu, khushuu ni unyenyekevu wa moyo ndani ya swala, na moyo huweza kutangatanga hata chumba kikiwa kimya.

Mashine basi hupunguza mtetemo. Utulivu hubaki kazi ya msikilizaji. Anayetaka kufuta kelele aamue kwanza ni sauti ya nani anayoiita kelele.