Nyoka Aliyetulia, Je, Amekubali?

Huko Uingereza na Marekani wako watu wafugao nyumbani chatu mdogo wa asili ya Afrika Magharibi. Akiogopa hujiviringa kama mpira, kichwa akakificha katikati. Mfugaji mwema humwacha kwanza kama siku 7 bila kumgusa, naye awe na mahali pa kujificha. Kisha humshika dakika chache tu, akimwinua kutoka ubavuni, maana mkono ushukao toka juu humjia kama mwewe. Akiisha kula asishikwe siku 2, asije akatapika.

Baada ya majuma kadhaa hutulia mkononi, na mwenyewe hufurahi akisema, "Sasa ananipenda." Hapo mimi nasita. Kupenda ni neno letu. Yeye huenda ameacha kuogopa, au amekata tamaa ya kukimbia, na kwa macho mambo hayo mawili hufanana sana. (Walimu tuliopata kusimama mbele ya darasa lililonyamaza twayajua.) Basi mfungulie mkono. Asiye na hofu hulegea, akatembea polepole akinusa kwa ulimi. Mwenye hofu hukakamaa. Na akitaka kurudi kisandukuni mwake, arudi, hata kama wageni wamekuja kumtazama.